Kuku wa mziwanda: gumzo la familia

*Ijumaa jioni*

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Mziwanda wetu kafunga shule, Jumapili mchana yuko nyumbani. Alipopigiwa simu kupitia matroni aliomba kitu kimoja tu: kuku wa kukaanga wa unga, yule ambaye ganda linavunjika mdomoni. Nataka nimkaangie mwenyewe.

Mama: Marahaba mwanangu. Mungu amlete salama.

Kaka Idi: Si tununue tu? Tutakuwa watu kumi na mmoja. Utashinda jikoni na mgeni mwenyewe usimwone.

Zuhura: Kaka, muhula mzima anakula ugali na maharage ya sufuria la shule nzima. Nataka akute chakula alichopikiwa yeye. Kazi kubwa naimaliza Jumamosi, Jumapili ni kukaanga tu.

Shangazi Tabora: Umesema vyema. Ila chukua kuku wa kienyeji, huyo ndiye kuku.

Zuhura: Shikamoo shangazi. Kwa ladha sikubishii. Lakini kienyeji katembea miezi, nyama imekaza. Ukimtia kwenye mafuta akiwa mbichi, unga unaungua huku nyama bado ngumu. Inabidi achemshwe kwanza, na akishachemshwa utamu mwingi umebaki kwenye supu. Kwa kazi hii nachukua wa kisasa, watatu, wadogo wasiozidi kilo moja na robo. Wakubwa wanachelewa kuiva karibu na mfupa.

Shangazi Tabora: Marahaba. Basi kienyeji mmoja mchukulie bibi yenu, hayo maganda magumu hayawezi.

Zuhura: Yumo kwenye hesabu, shangazi. Supu yake ya tangawizi na ndimu, na ndizi mbichi ndani.

Mama Mdogo: Habari za jioni wote. Naomba niseme la kazini kwetu wodini: kuku msimwoshe chini ya bomba. Maji yakimpiga yanarusha vijidudu, salmonela na wenzake, mpaka kwenye vyombo na kachumbari. Kuosha hakuviui. Kinachoua ni moto.

Shangazi Tabora: Kuku asiyeoshwa mimi simli. Mama yetu alikuwa anamsugua kwa ndimu na chumvi mpaka ngozi inang'aa.

Mama Mdogo: Dada, ndimu sikatai. Nakataa bomba linalotapanya.

Mama: Mtoeni manyoya yaliyosalia, mumsugue ndimu ndani ya bakuli, taratibu, mumfute akauke. Maji ya bakuli yamwagwe chini kabisa ya karo, kisha karo na ubao vioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Kachumbari ikatwe kwenye ubao mwingine. Mmeridhika wote wawili?

Shangazi Tabora: Nimeridhika.

Mama Mdogo: Hapo sawa kabisa. Na mikono pia, sabuni.

*Jumamosi*

Salum: Da Zuhura, unachanganya nini? Mke wangu anataka kujua.

Zuhura: Kila kuku namkata vipande kumi: mapaja, miguu, mabawa, halafu kidari kila upande nakigawa mara mbili ili kiive sawa na wenzake. Kwa kila kuku vijiko vitatu vya chai vya chumvi, kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, pilipili manga, paprika kidogo, na nusu lita ya mtindi. Nampaka viungo kwanza, nasugua hadi chini ya ngozi, ndipo namwaga mtindi. Analala kwenye friji usiku kucha, rafu ya chini, amefunikwa. Chumvi ikipata usiku mzima inaingia mpaka ndani ya nyama na kumfanya ashike maji yake. Ukiitia asubuhi haifiki mbali, na kidari kinakuwa kikavu.

Salum: Na unga?

Zuhura: Ngano vikombe vitatu, konflawa kikombe kimoja, baking powder kijiko kimoja cha chai, chumvi na pilipili manga. Siri iko hapa: nachota vijiko vitatu vinne vya ule mtindi wa kuku, naunyunyizia kwenye unga mkavu na kuuvuruga kwa vidole mpaka ufanye vijivimbe. Vijivimbe hivyo vikishika ngozi ndivyo vinavyotoa lile ganda lenye mikunjo. Kipande kikitoka kwenye unga kikae robo saa kabla ya mafuta, la sivyo ganda linabanduka lote.

Kaka Idi: Nimesikia wa madukani hukaangwa kwa presha. Tuna sufuria la presha hapo, litumike?

Zuhura: Hapana, kaka, hapana. Ni kweli Harland Sanders wa Kentucky, yule mwanzilishi wa KFC, alianza kukaanga kwa presha mwaka 1939, na ndiyo maana kuku wake alikuwa anaiva haraka. Lakini mitungi yao imetengenezwa kwa kazi hiyo. Letu la maharage halikuundwa kubeba mafuta ya moto kiasi hicho. Likifunguka vibaya linaunguza watu. Karai linatutosha.

Mjomba Singida: Hamjambo wanangu. Leo kuna mtu anakuja Dar, namtuma lita tano za alizeti. Ni iliyosafishwa. Ile ya kukamua tu ni nzuri kwa mboga, kwenye kukaanga inatoa moshi mapema na povu linapanda.

Zuhura: Shikamoo mjomba, asante sana. Umeniokoa.

Mjomba Singida: Marahaba. Karai lisijae. Nusu tu, maana kuku akiingia mafuta yanapanda.

*Jumapili*

Zuhura: Mafuta yamefika, jiko limewashwa. Watoto wote wapo uani na Salum. Mfuniko wa karai upo mkononi mwangu: moto ukishika mafuta tunafunika na kuzima gesi. Maji hayaguswi.

Mama Mdogo: Hongera kwa hilo. Kipimajoto changu cha nyama unacho?

Zuhura: Ninacho. Mafuta nayaweka kwenye nyuzi 170. Natia vipande vitano tu kwa mkupuo, maana wakijazana mafuta yanapoa na unga unayanywa. Mabawa dakika nane au tisa, mapaja kumi na tatu hivi.

Mama Mdogo: Ndani ya nyama isome 74 na zaidi, usiguse mfupa. Wekundu karibu na mfupa usikutishe. Hawa wa wiki chache mifupa yao bado laini, rangi inatoka hata nyama ikiwa imeiva. Amini kipimo.

Zuhura: Paja la kwanza 81. 🙏🏾 Mapaja nayaweka kwenye wavu. Nikiweka juu ya karatasi upande wa chini unalowa kwa mvuke.

Kaka Idi: Nimempokea stendi, tuko njiani. Anauliza kama ni kweli.

Mama: Mwambie ni kweli.

Kaka Idi: [picha]

Kaka Idi: Sinia la kwanza limekwisha kabla chipsi hazijafika mezani. Zuhura, nilisema tununue, na ningekosea. Huyu kuku ana ladha mpaka kwenye mfupa.

Shangazi Tabora: Mziwanda anasemaje?

Zuhura: Hasemi, shangazi, anakula 😊 Ameshika mguu wa tatu. Kaomba kesho nimfundishe kukata kuku, nimemwambia anianzie na kumenya kitunguu saumu.

Shangazi Tabora: Na bibi?

Mama: Kamaliza supu, kisha kaomba kipande cha ganda. Kamumunya wee, kaomba kingine.

Mjomba Singida: Mafuta yakipoa yachujeni kwa kitambaa, yatafaa kukaangia mara moja tena, samaki au viazi. Mkiona yameshakuwa meusi na yana harufu, yatieni kwenye chupa mtupe, msimwage kwenye karo.

Zuhura: Sawa mjomba. Kesho ni vibua.