Bi mkubwa anataka mdogo wangu aache methadoni, eti maombi yanatosha. Nifanyeje?

Binti_wa_Mtoni:
Wakuu habari za asubuhi. Naomba ushauri, wenye kejeli mpite kushoto.

Mdogo wangu ana miaka 31, kavuta unga miaka tisa. Alianza na kokteli, sigara ya bangi iliyochanganywa na unga, kijiweni, akaishia kujidunga. Humu ndani katuibia mpaka sufuria ikiwa jikoni, ubwabwa ukiwa ndani yake. Mwaka jana mwezi wa nane akakubali kwenda kliniki ya methadoni, ile dawa ya kunywa wanayopewa wanaoacha unga. Tangu hapo kila alfajiri anadamka, anapanda daladala, anakunywa dozi yake mbele ya nesi, anarudi. Kanenepa. Juzi kaleta sufuria mpya, kubwa kuliko ile.

Sasa mama anasali kwenye huduma moja huku kwetu. Mchungaji kamwambia methadoni ni unga wa serikali, mnyororo uleule umepakwa rangi, na kijana akiendelea kuinywa basi hana imani. Wiki ijayo kuna mkesha wa siku tatu, kufunga na kuomba. Wanataka alale kanisani, asinywe dozi, afunguliwe moja kwa moja. Mama keshatoa sadaka.

Mimi mwenyewe ni mwombaji. Tena kanisa hilohilo ndilo lililomlainisha mpaka akakubali kwenda kliniki. Ndiyo maana nimekwama.

Mpiga_Kasia:
Biashara tu hizo. Mpeleke na mama kliniki.

Binti_wa_Mtoni:
Ndiyo nyie niliowaambia mpite kushoto.

Teja_Mstaafu:
Pole dada. Niko Unguja, nina miaka sita na miezi minne safi. Mimi nimefunguliwa mara nne. Moja kwa kunyweshwa kombe la aya, mbili kwa rukiya ya kusomewa Kurani, ya nne jirani Mkristo alinipeleka kwao nikalazwa sakafuni, nikakemewa mpaka nikatapika, watu wakashangilia pepo katoka. Dada, lile lilikuwa arosto, mateso ya mwili ukikosa unga. Siku ya tatu ya arosto hata ungenisomea gazeti ningetapika.

Nikatoka pale najiona mpya. Wiki mbili baadaye nikarudi kijiweni, nikapiga kipimo changu cha zamani. Mwili ulikuwa umeshakisahau. Nikazimika, nikaokotwa barazani. Mwenzangu tuliyekuwa naye hakuwahi kuokotwa.

Lakini usije ukadhani naidharau ibada. Nilipona soba hausi, nyumba wanazokaa wanaoacha unga, na kule tunafuata hatua 12, zile za walevi walioanza kukutana Marekani mwaka 1935. Unakubali ipo nguvu kubwa kuliko wewe, kisha unajikabidhi kwa Mungu kwa jinsi unavyomwelewa. Tulikuwa Waislamu wengi na jamaa mmoja Mkristo wa Tanga, hakuna aliyegombana. Ibada haikunitoa arosto hata kidogo. Ilinisaidia saa kumi jioni, mikono haina kazi na akili inahesabu hela ya kete. Adhana ikilia nina pa kwenda, na kuna watu wataniuliza nisipoonekana.

Halafu hatua ya tisa ni kuwalipa uliowadhulumu. Mimi nilimpelekea shangazi redio, siyo ileile. Huyo wako wa sufuria keshaingia hatua ya tisa bila kuambiwa na mtu.

Nesi_Zamu_ya_Usiku:
Mkesha wenyewe hauniogopeshi, naogopa siku ya nne. Akikosa dozi siku tatu mfululizo, mwili unapoteza uzoefu. Akirudi kliniki hawampi kiwango kilekile, wanamtathmini upya na kumpandisha taratibu. Na akirudi kijiweni badala ya kliniki, ndiyo yaleyale ya barazani.

Methadoni inaachika, lakini kidogokidogo, kwa miezi, daktari akipunguza. Muhimbili walianza kuitoa 2011, siyo kitu cha kubahatisha. Kama anataka kufunga, aseme kliniki wapange naye saa.

Nje ya mada kidogo: mwenye ndugu mlevi wa pombe wa kila siku asimfungie chumbani aache ghafla. Anaweza kupata degedege akafa. Huyo apelekwe hospitali kwanza.

Mzee_wa_Pangani:
Mwanangu, mimi ni Muislamu, nisamehe nikiingia ya kwenu. Sisi pombe haikuharamishwa siku moja. Ilianza Al-Baqara 219, kwamba madhara yake ni makubwa kuliko faida. Ikaja An-Nisaa 43, msiikaribie sala mkiwa mmelewa. Mwisho ndiyo Al-Maida 90, iacheni. Mwenyezi Mungu aliwapeleka watu hatua kwa hatua, sembuse daktari?

Kwa mama yako nenda na Marko 1:44. Yesu kamtakasa mkoma, kisha akamwambia nenda ukajionyeshe kwa kuhani. Kuhani ndiye aliyekuwa mkaguzi wa ukoma. Basi mwambie mama: aombewe, na akifunguliwa aende akajionyeshe kwa daktari, ampunguzie mwenyewe. Mchungaji usibishane naye. Utamshinda kwa hoja, halafu mama atakuona wewe ndiye adui.

Kapuku_Mtulivu:
Uzi mzima nimesoma. Dogo mwenyewe anasemaje?

Binti_wa_Mtoni:
Mkuu umenichoma. Tulikuwa hatujamuuliza, mimi wala mama.

Kwanza mama. Nimempa Marko 1:44. Kavaa miwani, kasoma, kafunika Biblia, hajanijibu kitu. Ila leo alfajiri nimemsikia akimuuliza mdogo wangu nauli ya kwenda kliniki ni shilingi ngapi kwa watu wawili.

Mdogo wangu mwenyewe nilimkuta jana usiku uani anafua soksi. Anasema mkesha anautaka, dozi haachi, akishakunywa ataenda kanisani moja kwa moja. Nikamuuliza kule anafuata nini hasa, maana mahubiri yenyewe huwa anasinzia. Akasema anapanga viti, na mzee wa kanisa humwachia ufunguo wa stoo, stoo yenye spika na jenereta. Akaniangalia: "Dada, humu ndani bado mnafunga kabati."

Ni kweli. Ufunguo ninao shingoni hadi sasa ninavyoandika.

Mrejesho nitaleta.