Ushauri: CT scan ya moyo ya baba imeonyesha mshipa ulioziba kabisa, je, inatosha kupanga matibabu?

Mwana wa Pangani
Habari zenu wanajukwaa. Baba yetu ana miaka 67, ana kisukari cha muda mrefu, na siku hizi kifua humbana kila anapopanda ngazi. Amefanyiwa CT scan ya mishipa ya moyo. Majibu yanasema mshipa wa kulia umeziba kabisa, na ule wa mbele upande wa kushoto umepungua upenyo kwa zaidi ya asilimia 70 na una chokaa nyingi. Daktari mmoja anapendekeza stenti (kibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa ubaki wazi), mwingine amegusia upasuaji wa kupandikiza mishipa ili damu ipite kando ya palipoziba, na wote wawili wanataka kwanza angiografia ya kuingiza mrija. Ndugu tumegawanyika: ikiwa picha zipo tayari, kwa nini mzee achomwe tena?

Bingwa wa Mionzi
Pole kwa kuuguza, ndugu. Vipimo hivyo viwili havioni kitu kimoja. Mrija ukimwaga dawa ya rangi, picha huonyesha njia inamopita damu; palipoziba kabisa dawa hukwama, na daktari huona kisiki tu. CT huonyesha ukuta wa mshipa wenyewe, kwa hiyo urefu wa sehemu iliyoziba, mkunjo wake na mahali chokaa ilipojikusanya hujulikana kabla waya wa kuzibulia haujaingizwa. Mwaka 2021 watafiti wa Korea Kusini walichapisha jaribio la wagonjwa 400 wenye mishipa iliyoziba namna hiyo: waliotanguliziwa CT walizibuliwa kwa mafanikio kwa asilimia 93.5, na wasiotanguliziwa asilimia 84. Fedha ya baba haikupotea.

Kasoro ni hiyo hiyo chokaa, ambayo katika CT hung'aa kupita kiasi na kuufanya mshipa uonekane mwembamba kuliko ulivyo. Kuhusu mshipa wa mbele, basi, nisingekubali mtu aamue kwa karatasi ya majibu peke yake. Angalieni pia mapigo ya moyo yalikuwa mangapi wakati wa kipimo. Yakizidi 65 kwa dakika picha huweza kutikisika, na mshipa wa kulia ndio unaocheza zaidi.

Mama Salma
Mimi nimesikia kwamba huko Ulaya watu wanapasuliwa kwa CT tu, bila mrija. Au kwetu vipimo ni biashara?

Daktari Mstaafu
Ulilosikia ni kweli, dada yangu, ila lina masharti. Jaribio la FASTTRACK CABG, lililochapishwa mwaka 2024, liliwahusu wagonjwa 114 wa Ulaya na Marekani, ambao wapasuaji walipanga wapandikize wapi kwa kutumia CT pamoja na hesabu za kompyuta za mtiririko wa damu. Lilionyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Hata hivyo, mashine zao hupiga picha ya moyo mzima ndani ya pigo moja la moyo, na wagonjwa walichaguliwa.

Kwa mzee huyu kuna jambo ninaloliona zito kuliko suala la mrija, nalo ni kisukari. Jaribio la FREEDOM la mwaka 2012, lenye wagonjwa 1,900 wa kisukari waliokuwa na mishipa kadhaa iliyoziba, lilionyesha kuwa vifo na mishtuko ya moyo vilikuwa vichache kwa waliopandikizwa mishipa kuliko kwa waliowekewa stenti, ingawa kiharusi kiliwapata zaidi waliopasuliwa. Daktari aliyegusia upasuaji hakukurupuka. Ombeni DVD yenye picha zote, kisha ipelekeni mahali ambapo madaktari wa stenti na wapasuaji hukaa kikao kimoja, kama vile Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Angiografia ikifanyika baada ya kikao hicho, daktari ataingia akijua anatafuta nini.

Mwana wa Pangani
Nawashukuru sana. DVD tunayo, tulidhani ni ya kumbukumbu tu. Je, dawa ya rangi ikirudiwa haitamdhuru figo?

Bingwa wa Mionzi
Hatari ipo, hasa kwa mwenye kisukari. Apimwe kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo) kabla, na asipangiwe dawa hiyo mara mbili kwa siku zilizokaribiana bila sababu ya dharura. Kama anatumia metformin, dawa ya kisukari, amweleze daktari mapema, kwani figo zikiwa dhaifu husimamishwa kwa muda. Asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe.