Tupeane uzoefu: hili neno "rico" la Kihispania nyie mlilielewaje?

Wakuu habari za jioni. Naongoza watalii huku Arusha, nimeanza Kihispania kwa ajili ya kazi na kivumishi kinachonichekesha ni rico. Kamusi inasema tajiri, basi. Sasa juzi tuko kambini mpishi kaleta supu ya maboga, mama mmoja wa Sevilla kaonja kijiko kimoja kafumba macho, "¡qué rica!" Mpishi ananikonyeza anasemaje huyu, nikamwambia anakusifia, ila supu na utajiri wapi na wapi? Mlioko huko funguka.

Mdau wa Madrid: Angalia kitenzi, mkuu, es na está zote ni "ni" ya kwetu. Es rico, huyo ana hela. Está rico, msosi mtamu. Niko jikoni kwenye mgahawa hapa na sifa kubwa ni "está riquísimo", yaani kitamu balaa. Ila usikariri sana, chakula cha nchi nzima utasikia pia "la comida mexicana es muy rica", yaani chakula cha Mexico ni kitamu sana, na hakuna anayeshangaa.

Mama Valencia: Mie nilikuwa nalea mtoto, bibi yake kila akija anambana mashavu "¡ay, qué rico!" na mtoto mwenyewe hata meno hana 😂 kumbe ndo kusema jamani katoto katamu haka.

Mwl wa Tanga: Sopa ni ya kike ndo maana rica, arroz ya kiume inakuwa rico, wingi ricos na ricas. Mtu aliyekulia Kiswahili cha "kitabu kizuri, vitabu vizuri" hii haimsumbui. Halafu Costa Rica si ndo pwani tajiri, na Puerto Rico bandari tajiri, hilo mwanzo lilikuwa jina la mji na kisiwa kikiitwa San Juan, baadaye yakabadilishana.

Mkenya halisi: Na "nuevo rico" ni yule limbukeni wa pesa, kila mtaa uko naye. Alafu boss usijaribu kuambia mgeni wa kike "estás rica", hiyo si sifa ya adabu, hasa kwa watu wa Latin Amerika, unaweza pigwa kofi hapo hapo.

Mleta mada: Duh, asante aisee. Na supu ikiwa mbovu?

Mdau wa Madrid: "Está un poco sosa", chumvi haijakolea. Ila mbele ya mpishi wako, mkuu, we kunywa tu.