Programu nyepesi ya kuediti picha kwenye Linux, laptopu ya RAM 2 GB

PichaMakambako
Habari za kazi wakuu. Nina stesheni hapa Makambako: fotokopi, kuchapa barua, na picha za pasipoti papo kwa papo. Laptopu yangu ni ya siku nyingi, RAM 2 GB, na diski yake ni ile ya kuzunguka. Flashi za wateja ziliijaza virusi mpaka Windows ikawa haifunguki. Mtoto wa dada yangu alipokuja likizo akaniwekea Linux Mint ya Xfce (lile toleo jepesi), na tangu hapo upande wa barua na kuprinti sina shida kabisa.

Tabu ni picha. Kamera yangu ni ya megapikseli 24. Nikifungua picha mbili tatu kwenye GIMP, ile programu kubwa ya bure ya kuediti picha, mashine inaganda, kishale hakisogei, na mteja amesimama kaunta anataka kuwahi gari la Njombe. Kazi zangu ni kukata picha, kung'arisha uso, kupunguza ukubwa wa faili kwa wanaojaza fomu mtandaoni, na kupanga pasipoti nane kwenye karatasi ya inchi 4 kwa 6. Mabango na kadi za harusi sifanyi. Bando nalo ni la kubana, kwa hiyo naomba kitu ambacho hakitamaliza MB. Mnatumia nini?

kijana_wa_chuga
Dada jaribu Photopea. Huinstoli kitu, unaifungua kwenye brauza tu, na aliyezoea Photoshop hapotei. Mimi nafanyia kazi zote humo.

bibi_penguin
Pinta. Ina leya (tabaka za picha juu ya picha), ina kukata, ina kubadili ukubwa, na menyu zake hazikuchanganyi. Kwa mtu asiyetaka mambo mengi inatosha kabisa.

FundiMtoni
Dada Makambako, pole na hongera kwa kuhamia huku. Mimi nina studio na nimeendesha mashine za aina hiyo muda mrefu, ngoja niseme kwa kirefu.

Photopea ni nzuri kweli, lakini kwenye RAM 2 GB brauza peke yake inakula sehemu kubwa kabla hujafungua picha, na siku bando limekata, kaunta imesimama. Pinta pia ni nzuri, ila kwa kazi ulizotaja huna haja ya kushusha chochote. Fungua menyu ya Mint, andika Pix. Unayo tayari. Ni ndugu wa gThumb, watu wa Mint waliichukua wakaifanya yao. Inakata, inazungusha, inapunguza ukubwa, inarekebisha rangi. Ukitaka kuongeza maandishi au mshale, kuna Drawing, nayo huja na Mint.

Kabla ya kubadili programu lakini, tuangalie picha yenyewe, maana mzigo uko huko. Megapikseli 24 ni pikseli 6000 kwa 4000. Kwenye diski faili linaonekana la MB chache kwa sababu JPEG imebanwa. Ikifunguliwa inakunjuliwa yote, na kila pikseli inachukua karibu baiti 4, kwa hiyo picha moja ni kama MB 96 za RAM, na hiyo ni leya moja. Ongeza leya ya pili, ongeza kumbukumbu za kurudi nyuma (undo), fungua na picha ya mteja mwingine: RAM imejaa, mashine inaanza kuandika kwenye diski, na diski ya kuzunguka ndipo inapokugandisha. GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwenye kompyuta dhaifu kuliko hiyo yako. Kilichonenepa zaidi tangu wakati ule ni picha tunazoipa.

Sasa picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45, kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli 413 kwa 531 tu. Unabeba 6000 kwa 4000 kwa ajili ya kitu kidogo hivyo! Kwa hiyo punguza kwanza, ndipo uediti. Kama kamera ina chaguo la JPEG ndogo, iweke huko kwa kazi za pasipoti. Kama memori kadi imeshajaa kubwa, instoli ImageMagick, programu ya kushughulikia picha kwa amri za kuandika. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika:

sudo apt install imagemagick

Apt, kile kishusha programu cha Mint yenyewe, itakuonyesha inashusha MB ngapi kabla hujakubali, soma hapo kwanza. Na kwa programu zozote, ukiona zipo kwa apt na kwa Flatpak (njia nyingine ya kuinstoli), wewe chukua ya apt. Flatpak inaweza kuja na mizigo yake ya mamia ya MB kwa mara ya kwanza. Halafu ingia kwenye folda ya picha, fungua terminali:

mkdir ndogo
mogrify -path ndogo -auto-orient -resize 1800x1800 -quality 88 *.JPG

Picha zote zinapunguzwa na kuwekwa kwenye folda ya ndogo, za asili zinabaki salama. Hiyo -path usiiache kamwe, bila hiyo mogrify inaandika juu ya picha ya asili na hairudi. Na JPG iandike kwa herufi kubwa kama kamera yako inavyoandika, Linux inatofautisha JPG na jpg.

Kisha fungua Pix, kata kwa uwiano wa 7 kwa 9 (ndio huo huo wa 35 kwa 45), hifadhi kwa jina pasi.jpg.

Kuhusu kung'arisha uso, hapa naomba unisikilize sana. Ngozi zetu mbele ya kitambaa cheupe, kamera inapima mwanga wa kitambaa na uso unatoka giza. Watu wengi wanasukuma mwanga wa picha nzima: kitambaa kinaungua, uso unakuwa wa kijivu, mama mzima anatoka kama amepakwa majivu. Tumia palipoandikwa Curves. Shika mstari kwenye robo ya chini, kushoto, uinue kidogo tu. Upande wa kulia uache ulivyo. Macho na mashavu yanajitokeza na rangi ya mtu inabaki yake. Bora zaidi, ongeza mwanga kidogo kwenye kamera kabla ya kupiga. Picha hiyo mtu atakaa nayo kwenye kitambulisho miaka, anastahili atoke alivyo.

Kupanga nane kwenye karatasi:

montage pasi.jpg pasi.jpg pasi.jpg pasi.jpg pasi.jpg pasi.jpg pasi.jpg pasi.jpg -tile 4x2 -geometry 413x531+10+10 karatasi.jpg
convert karatasi.jpg -gravity center -background white -extent 1800x1200 -units PixelsPerInch -density 300 tayari.jpg

Iandike mistari hiyo miwili kwenye faili liitwe pasi.sh, liweke folda moja na pasi.jpg, na kila mteja unaandika bash pasi.sh basi.

kijana_wa_chuga
Fundi umenifungua macho kwenye hesabu ya RAM. Swali: akitaka kubadili kitambaa cheupe kiwe bluu?

FundiMtoni
Anunue kitambaa cha bluu. Nasema kwa dhati kabisa. Kukata nywele za mtu kwa kompyuta zitoke safi ni kazi ya muda mrefu, na nywele zilizosukwa au afro ndiyo usiseme. Mita mbili za kitambaa zinamaliza kazi hiyo moja kwa moja. Siku ikilazimika, hapo ndipo GIMP, ila aifungue ile picha iliyokwisha kupunguzwa.

PichaMakambako
Fundi Mungu akubariki. Pix kweli ilikuwemo na sikuwahi kuigusa. Nimepunguza picha zote za leo na mashine haijaganda, hata GIMP imefungua bila kelele. Ile Curves nimeijaribu kwa mzee mmoja, akaangalia picha akasema "huyu ndiye mimi". Kimebaki kitu kimoja: nikiprinti, nimeweka rula, upana unatoka milimita 33 badala ya 35. Tatizo ni zile namba?

FundiMtoni
Namba ziko sawa. Hiyo ni printa inaibana picha ili iingie ndani ya kingo zake. Kwenye dirisha la kuprinti tafuta sehemu ya ukubwa, ondoa ile ya kutosheleza karatasi, weka asilimia 100, na karatasi iwe 4 kwa 6, siyo A4. Pembeni tumeacha nyeupe ya kutosha, kwa hiyo hata kingo zikiliwa kidogo pasipoti haziguswi. Printi moja, pima tena kwa rula, kisha utuambie.