Mjadala: Vitimbi na Vioja vya zamani virudishwe hewani, au tuviache vilale?

Mzawa wa Langoni

Assalaam alaykum jamaa. Juzi umeme ulikatika hapa Lamu, tukatoka sote barazani, na mazungumzo ya gizani mwayajua, hurudi nyuma. Mmoja akaanza kumwiga Mzee Ojwang wa Vitimbi, miwani puani na sauti ile. Wakubwa tukacheka hadi machozi. Watoto wametutumbulia macho. Mwanangu akauliza huyo ni mtu wa TikTok?

Nikaona nilete hoja hapa. KBC, stesheni ya taifa, ina vichekesho na michezo ya miaka mingi, Vitimbi, Vioja Mahakamani, Tausi na vinginevyo, vilivyotengenezwa kwa pesa ya umma. Mimi nasema ilazimishwe kuvirudisha hewani, tena saa mbili unusu usiku, si alasiri watu wakiwa kazini. Saa hizo sasa ni tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti, mke wa tajiri analia kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa.

Wa rika langu wanakumbuka. Mpaka KTN ilipoanza mwaka 1990, stesheni ya tivi ilikuwa moja nchi nzima, na hiyo KTN yenyewe ilianzia Nairobi. Sisi huku tuliisikia jina. Mtaani kwetu tivi ilikuwa nyumba moja. Antena imefungwa juu ya boriti ya mkoko, kaskazi ikishika picha yageuka chenga tupu. Mtoto apandishwe darini aizungushe. "Bado?" "Rudisha kidogo!" "Hapa?" "Ushapitisha!" Viatu mlangoni huvihesabu. Na kesho yake shuleni hakuna asiyejua kilichotokea. Leo nyumbani kwangu tuko watu sita na simu tano, kila mtu acheka peke yake.

Nasema uongo?

Mwalimu Mstaafu

Wa alaykum salaam. Husemi uongo, bwana, lakini unachanganya mambo mawili. Unachokililia ni ile nyumba yenye viatu mlangoni, na hiyo KBC haina kanda yake.

Nami nina kinyongo cha kazi. Nimesomesha Kiswahili miaka thelathini na kidogo. Jumatano moja nampa mtoto wa Kiamu, aliyezaliwa ndani ya lugha, insha ya kusoma mbele ya darasa. Aisoma kwa lafudhi ya Vitimbi, "r" na "l" amezigeuza makusudi, darasa zima chini! Nilimtoa nje. (Nikacheka nikiwa nimegeukia ubao, lakini hilo hakulijua.)

Sisemi waigizaji hawakuwa na kipaji. Marehemu Benson Wanjau, ndiye Mzee Ojwang, alikuwa Mkikuyu, akaivaa lafudhi ya Kijaluo miaka yote hiyo hadi watu wakaamini ni Mjaluo. Hiyo ni sanaa. Lakini kicheko kingi cha zama zile kilisimama juu ya namna kabila fulani linavyotamka. Na mtu wa Pwani alikuwa wapi? Nikumbukavyo mimi, akitokea ni mganga, au ni mtu aliyelala. Mwataka wajukuu wetu warudishiwe hayo saa mbili unusu?

Binti wa Mkomani

Kaka zangu mwalia na viatu mlangoni. Vyangu havikuwamo.

Usiku wasichana hatukutolewa kwenda kwa watu kutazama tivi. Nyumba yenye tivi ilikuwa upande wa pili wa njia, na sisi tuna wikio, kile chumba cha juu kinachovuka njia. Nilikuwa nakaa pale juu gizani nasikiza. Sauti ya tivi haifiki vizuri, kinachofika ni kicheko cha wanaume na watoto wa kiume. Mimi Vitimbi niliijua kwa kicheko chenu. Kaka yangu akirudi anisimulia yote, anacheza nafasi zote, Ojwang yeye, mkewe Mama Kayai yeye, anafunga leso yangu kichwani.

Tulipokuja kununua tivi yetu nikakaa kitako kuitazama kwa mara ya kwanza. Haikunichekesha hata nusu ya alivyonichekesha kaka yangu. Nilijisikia nimeibiwa kitu, na mpaka leo sijui mwizi ni nani.

Kwa hivyo mimi nataka kanda zifunguliwe, lakini si kwa sababu zenu. Nataka nione vile nilivyosimuliwa.

Kijana wa 2004

Shikamooni. Vipande vimo YouTube, nimetazama. Dakika tano nikachoka, samahanini ami zangu. Kamera haisogei, watu wanasubiriana kuongea.

Sisi pia tuna vyetu. Tahidi High, Machachari, Papa Shirandula. Charles Bukeko, Papa Shirandula mwenyewe, alipofariki Julai 2020, miaka mitano baada ya Mzee Ojwang, sisi ndio tuliolia, na nyinyi mkatuuliza huyo ni nani.

Hoja yangu hasa ni hii. Mamlaka ya Mawasiliano inataka asilimia 40 ya vipindi viwe vya nyumbani. Ukiipa stesheni ruhusa ya kujaza hesabu hiyo kwa Vitimbi vya zamani, itamwajiri mwandishi mpya kwa lipi? Kanda ya zamani hailali hotelini, haidai chakula cha mchana. Mimi naandika miswada ya kuigiza. Nimeshapigwa chenga na meneja mmoja aliyeniambia vipindi vya marudio vinamtosha. Mkishinda mjadala huu, nyinyi mtacheka na mimi nitakosa kazi.

Fundi wa Vyombo

Mwapigana juu ya saa ya kuonyesha, na hamjauliza kama kuna cha kuonyesha.

Kanda ya sumaku si kitabu. Unga wa sumaku umegandishwa kwa gundi, na gundi hunyonya unyevu. Ikikaa pabaya, ukiipitisha kwenye mashine inaacha unga kwenye kichwa cha mashine na picha inaondoka nao. Mashine zenyewe za kanda hizo pana hazitengenezwi tena. Na kanda ilikuwa ghali, kwa hivyo dunia nzima stesheni zilifuta na kurekodi juu yake. BBC, pamoja na ukubwa wake, ilifuta vipindi vingi vya tamthilia yake Doctor Who vya miaka ya 1960. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba tisa kati ya vilivyokosekana vimeonekana. Wapi? Jos, Nigeria, nakala za filamu zilizotumwa huko zamani zioneshwe, zikakaa stoo. Mwingereza amekuja kutafuta vyake kwa Mwafrika!

Basi la kwanza ni kuhamisha kila kilichobaki, kizuri na kibaya, hata hicho cha mganga anachokichukia Mwalimu. Saa mtagombania baadaye.

Mzawa wa Langoni

Nimesoma yote, na nimeyasoma tena ya Binti wa Mkomani. Miaka yote ile sikuwahi kuinua kichwa nikatazama wikio.

Kijana amenibana. Saa mbili unusu naiacha, iende kwa waandishi wapya. Lakini kanda zihamishwe na ziwekwe wazi, bure kwa mtazamaji, na kila kikirudiwa kipindi waigizaji au warithi wao walipwe. Wanaosimamia haki za wasanii wasikumbuke wanamuziki peke yao. Kwa Mwalimu sikubali. Mjukuu akiona mganga wa Pwani, nitakaa naye nimwambie walituona hivi. Akifichwa hatajua.

Mwalimu Mstaafu

Utakaa naye wapi, na umesema mwenyewe ana simu yake?

Mzawa wa Langoni

Mkunguni, mbele ya Ngome. Kitambaa cheupe ukutani, vipande hivyo vilivyomo YouTube, usiku mmoja tuone nani atakuja.

Fundi wa Vyombo

Projekta ninayo. Waya wa umeme ndio mfupi, patafutwe jirani wa kutuazima soketi.

Binti wa Mkomani

Na wanawake mtatuweka wapi?

Kijana wa 2004

Mbele. Mimi nitakaa nyuma, nikichoka nitoke.