Naomba ushauri: mwanangu anaogopa kunyolewa

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nina kijana wa miaka 3, tunakaa Langoni, hapa Lamu. Akiisikia tu mashine ya kinyozi ikivuma, mwili wote humkakamaa, huziba masikio kwa mikono miwili na kulia hadi sauti ikamkauka. Nadhani chanzo ni siku ile mashine ilipopata moto ikamchoma nyuma ya sikio. Alama ilikaa siku kadhaa. Babake asema tumshike kwa nguvu amalizwe. Mimi sikubali. Tulifanya hivyo mara ya mwisho, na usiku akawa anashtuka usingizini akilia.

Sasa namnyoa mwenyewe kwa mkasi akiwa amelala, upande mmoja leo, mwingine kesho. Nywele zikimwingia shingoni huamka akijikuna. Nilimpeleka pia akamtazame babu yake akinyolewa. Alitazama kimya, lakini zamu yake ilipofika alikimbilia mlangoni.

Idi yakaribia, natamani aende kuswali na babake akiwa nadhifu. Mliopitia haya, mlianzaje? Na kuna anayemjua kinyozi mpole anayekubali kuja nyumbani na mkasi peke yake, bila mashine?