Dozi ya urea inaongezeka, NOx ya nyuma nayo inapanda. Kosa liko wapi?

Swali
Wakuu, injini ya dizeli iko kwenye benchi ya majaribio: moshi kilo 600 kwa saa, NOx (oksidi za nitrojeni) kabla ya kichocheo ppm 500 (sehemu kwa milioni), joto la kichocheo nyuzi 260. Urea inayodungwa kwenye moshi ni ya asilimia 32.5. Kidhibiti kinafuata sensa ya NOx ya nyuma tu, yaani ile iliyo baada ya kichocheo. Ikisoma juu, kinaongeza dozi. Sasa dozi imefika lita 1.4 kwa saa, sensa inasoma ppm 170 na bado inapanda. Kwenye ncha ya nozeli kuna ukoko mweupe. Nibadilishe sensa?

Jibu 1
Usiiguse sensa, mkuu. Piga hesabu kwanza. Ppm 500 kwenye kilo 600 za moshi ni takriban gramu 480 za NOx kwa saa, ukizihesabu kama NO2. Kila gramu ya NOx inahitaji gramu 2 hivi za mchanganyiko wa urea, kwa hiyo gramu 960. Lita moja ina kilo 1.09, basi unahitaji lita 0.88. Wewe unamwaga mara 1.6 ya hapo.

Urea hugeuka amonia kwenye moshi wa moto, na amonia ndiyo inayoondoa NOx ndani ya kichocheo. Amonia iliyozidi inatoka nyuma, na sensa ya NOx inaisoma amonia kama NOx. Kidhibiti kinadhani kazi haijafanyika, kinaongeza tena. Kipimo chake ni rahisi: kata dozi kabisa, injini ibaki kwenye mzigo uleule. Usomaji ukishuka kwanza, ilikuwa amonia. Ukipanda moja kwa moja, ilikuwa NOx.

Jibu 2
Naongezea kuhusu ukoko. Nyuzi 260 ni za kichocheo. Ukuta wa bomba mbele ya nozeli unaweza kuwa baridi zaidi, na matone yanayougusa hayageuki amonia. Usidunge chini ya nyuzi 200 hivi. Ukoko ukiyeyuka kwa maji ya vuguvugu, ni urea tupu. Ukibaki mgumu, umeshageuka asidi ya sayanuriki, na huo huondoka kwa joto la zaidi ya nyuzi 350. Angalia pia kama umeme unakatwa mara tu injini inapozimwa: pampu inakosa muda wa kunyonya urea irudi tenki, inayobaki inakauka kwenye nozeli.

Muuliza swali
Nimekata dozi. Imeshuka kutoka 170 hadi 15, ikatulia hapo kwa muda, kisha ikapanda kuelekea 500. Ukoko umeyeyuka wote kwa maji.

Jibu 1
Basi ni amonia, na huo muda wa kutulia ni akiba iliyokuwa imeshikwa ndani ya kichocheo. Dozi itoke kwenye mtiririko wa moshi na sensa ya mbele, uwiano 0.9 wa kiasi kinachohitajika, yaani lita 0.8 kwa saa. Sensa ya nyuma iachie marekebisho ya polepole tu, yenye kikomo.

Akiba hiyo ndiyo itakayokusumbua ukianza kubadili mzigo. Kichocheo kikiwa na nyuzi 200 kinashika amonia nyingi kuliko kikiwa na 400, hivyo joto likiruka ghafla kinaitema. Punguza dozi pale mzigo unapopanda, usingoje joto la kichocheo lifuate.

Jibu 2
Na baada ya hapo, kama NOx na amonia vinatoka pamoja hata mzigo ukiwa umetulia, chunguza kichanganyio, kile kinachochanganya urea na moshi kabla ya kichocheo. Upande mmoja wa kichocheo utakuwa unashiba amonia na mwingine una njaa, na hakuna programu inayoweza kurekebisha hilo.